Mchoro wa nyaya za injini ya T4: fuata namba, rangi baadaye

Mchoro wa umeme wa Volkswagen Transporter T4 humchanganya msomaji kwa jambo moja: waya unashuka, kisha unakomea hewani. Haujakatika. Mwishoni pana kisanduku chenye namba; tafuta namba hiyo kwenye safu ya chini kabisa, na waya utaukuta ukiendelea hapo.

Rangi zimefupishwa kwa Kijerumani: sw ni nyeusi, ro nyekundu, br kahawia, ge njano. Kwa hiyo ro/ge ni waya mwekundu wenye mstari wa njano, na 2,5 iliyoandikwa juu yake ni unene kwa milimita za mraba. Lakini vani ya umri huu imeshapita mikononi mwa mafundi wengi, na rangi hubadilishwa njiani. Amini namba ya pini, yaani kijino cha chuma ndani ya plagi.

Namba za kukariri ni chache. 30 ni chanya ya moja kwa moja toka kwenye betri, 15 hupata umeme ukiwasha swichi, 31 ni hasi. Kwenye rilei, yaani swichi inayofungwa kwa sumaku ya umeme, 85 na 86 ni koili ya sumaku hiyo, 87 ndiyo inayotoa umeme.

Chukua injini ya dizeli ya TDI ya lita 2.5. Ukiwasha swichi, 15 huiamsha kompyuta ya injini, nayo huipeleka koili ya rilei 109 kwenye hasi. Rilei inafunga, ndipo kompyuta inapata umeme wake kamili. Lehemu za ndani ya rilei hii hupasuka kwa uzee. Gari linazima likipata joto, likipoa linawaka kama kwamba halijawahi kuugua, na mwenye gari anauziwa kompyuta! Pima 87 tatizo likiwa limejitokeza, swichi ikiwa imewashwa. Kama 30 ina volti 12 na koili ina chanya upande mmoja na hasi upande wa pili lakini 87 haina kitu, rilei imekufa.

Hasi usiipime kwa omu, yaani kwa kipimo cha ukinzani. Waya uliobakiwa na uzi mmoja bado utasoma karibu sifuri. Acha plagi ya kompyuta ikiwa imechomekwa, washa swichi, weka ncha moja ya mita kwenye hasi ya betri na nyingine nyuma ya pini ya 31. Ikizidi volti 0.1, fuata waya wa br hadi kwenye namba iliyo ndani ya duara. Maelezo ya pembeni yanataja ilipofungwa kwenye bodi. Fungua boliti, kwangua kutu mpaka chuma king'ae, kaza, upime tena.