Thamani ya sarafu za kripto inatoka wapi?

Anayesikia habari za Bitcoin, sarafu ya kripto iliyo maarufu kuliko zote, kwa mara ya kwanza huuliza: nyuma yake kuna nini? Hakuna kitu. Hakuna dhahabu iliyofungiwa ghalani, hakuna serikali inayoidhamini, hakuna kampuni itakayokurudishia fedha ukiichoka. Ila wengi huishia hapo na kuhitimisha kwamba thamani yake ni hewa tupu, na hapo ndipo wanapokosea. Dola yenyewe haijashikizwa kwenye dhahabu tangu Agosti 1971, Marekani iliposimamisha kubadilisha dola kwa dhahabu. Kinachoibeba ni sheria, kodi zinazolipwa kwa dola, na benki kuu inayosimamia kiasi kilichomo kwenye mzunguko. Pesa yoyote ina thamani kwa sababu anayeipokea leo anatarajia kesho atapata wa kuipokea kwake. Cha kuuliza ni matarajio hayo yamejengwa juu ya nini.

Kwa Bitcoin, yamejengwa juu ya kanuni ambazo ni vigumu mtu mmoja kuzibadilisha. Jumla ya sarafu haitazidi milioni 21. Bloku mpya, yaani fungu la miamala linaloongezwa kwenye daftari la pamoja, hutoka kila baada ya dakika 10 hivi, na anayeichimba, yaani anayeiunda kwa kompyuta zinazotumia umeme mwingi, hupata sarafu mpya pamoja na ada za miamala iliyomo. Malipo hayo yalianza na sarafu 50 mwaka 2009, na hukatwa nusu kila baada ya bloku 210,000. Tangu Aprili 2024 ni sarafu 3.125.

Nani anasimamia kikomo hicho? Tuseme mchimbaji mmoja ana tamaa, akajiandikia sarafu 4 badala ya 3.125. Bloku yake inasambazwa kwenye mtandao, na kila kompyuta inayoendesha programu kamili ya Bitcoin inaikagua yenyewe: sahihi za watumaji ni halali? Sarafu hizi hazijawahi kutumika? Mchimbaji amejilipa zaidi ya haki yake? Jibu la swali la mwisho likiwa ndiyo, bloku inatupwa, na umeme alioutumia umekwenda bure. Kwa hiyo kikomo cha milioni 21 hulindwa na watu wanaoendesha programu hiyo na kukataa kupokea kilicho nje ya kanuni. Agosti 2010 hitilafu kwenye programu iliruhusu muamala mmoja kuzalisha zaidi ya sarafu bilioni 184. Marekebisho yalitolewa ndani ya saa chache, watumiaji wakayapokea, na mnyororo (mfuatano wa bloku) wenye bloku ile ukaachwa.

Tuondoe dhana moja iliyoenea mno: kwamba Bitcoin ina thamani kwa sababu umeme mwingi hutumika kuichimba. Ni kinyume chake. Bei ikipanda, wachimbaji huwasha mashine zaidi; ikishuka, wenye gharama kubwa huzima. Kila baada ya bloku 2,016, yaani wiki mbili hivi, mtandao hurekebisha ugumu wa uchimbaji ufuate mashine zilizopo. Julai 2021, baada ya China kuwafungia wachimbaji, ugumu ulishuka kwa takriban asilimia 28 kwa mara moja. Waliobaki wakawa wanapata sarafu zile zile kwa kazi pungufu. Kazi ya umeme ni ulinzi, kwani anayetaka kufuta miamala ya jana lazima arudie kazi yote hiyo na kuwapita wengine. Hauweki bei.

Uchache nao hautoshi. Agosti 2017 kundi lililotofautiana juu ya ukubwa wa bloku lilijitenga na kuanzisha Bitcoin Cash, yenye kikomo kile kile cha milioni 21. Bei yake imebaki sehemu ndogo sana ya bei ya Bitcoin. Programu hunakiliwa bure. Watumiaji, masoko na imani iliyojengeka kwa miaka havinakiliki.

Sarafu thabiti zinazofungwa kwenye dola zina msingi mwingine kabisa: ahadi ya mtoaji kwamba utairudisha na kupewa dola yako. Basi kagua akiba. Machi 2023 USDC, mojawapo ya sarafu hizo, ilishuka chini ya senti 90 ilipojulikana kwamba dola bilioni 3.3 za akiba yake zilikuwa kwenye benki ya Marekani, Silicon Valley Bank, iliyokuwa imefungwa. Wenye amana walipohakikishiwa fedha zao, bei ikarejea. TerraUSD, sarafu thabiti nyingine, haikuwa na akiba ya namna hiyo. Ilitegemea kubadilishwa kwa sarafu dada, Luna. Mei 2022 watu walipokimbilia kutoka, Luna mpya zikamwagwa sokoni hadi zote mbili zikaporomoka.

Je, kripto ni pesa kamili? Kutuma thamani kuvuka mipaka bila benki inaweza. Kupimia bei za bidhaa bado. Bitcoin ilikaribia dola 69,000 Novemba 2021, na mwaka mmoja baadaye ikawa chini ya 16,000. Hakuna anayeweza kuandika mshahara au kodi ya nyumba kwa kipimo cha namna hiyo. Hata wauzaji wanaoipokea hupanga bei kwa fedha ya kawaida kisha hubadilisha wakati wa kulipwa. El Salvador iliifanya fedha halali Septemba 2021, na mwanzoni mwa 2025 ikaondoa ulazima wa kuipokea.

Kwa sarafu ndogo, takwimu inayodanganya kuliko zote ni ile iitwayo thamani ya soko. Ni bei ya mauzo ya mwisho mara idadi ya sarafu. Mtu akitengeneza sarafu bilioni moja, akauza 1,000 kwa dola moja moja, tayari ana “thamani ya soko” ya dola bilioni moja, ilhali zilizoingia ni dola 1,000. Angalia badala yake oda za wanunuzi zilizopo: ni kiasi gani kinaweza kuuzwa kabla bei haijashuka asilimia 2? Angalia pia anwani 10 za juu (akaunti zenye sarafu nyingi zaidi) zinashika sehemu gani, kama waanzilishi wana ufunguo wa kuzalisha sarafu zaidi, na tarehe ambayo mgao wao uliofungwa utaruhusiwa kuuzwa.