Watoto ishirini sebuleni: dhana potofu kuhusu kulea watoto wa watu nyumbani

Mwezi uliopita nilipokea simu nne za aina moja. Mmoja alipiga kutoka Mbagala, mwingine Kimara, wawili Chanika, na maneno yao yalifanana kama wamekaa kikao: "Dada, sebule yangu ni kubwa, nianze na watoto ishirini au kumi na tano?" Hakuna aliyeniuliza habari ya choo, wala ya maji yanayotoka mara mbili kwa wiki, wala nani atabaki na watoto yeye akienda msalani. Wote waliuliza idadi. Kazi yangu ni kuwasaidia akina mama wanaofungua vituo vya kulelea watoto mchana majumbani mwao hapa Dar es Salaam, na huu ni mwaka wa kumi na moja nalijibu swali hilo kwa mdomo. Sasa nimeandika. Atakayepiga tena nitamtumia hii.

Dhana: Watoto wakiwa wengi, faida inakuwa kubwa

Haya, shika kalamu. Tarakimu hizi ni za mfano, wewe weka za mtaani kwako. Ada ni shilingi 80,000 kwa mwezi na una watoto 8: unakusanya 640,000. Msaidizi mmoja umlipe 150,000. Uji wa asubuhi na chakula cha mchana, tuseme 1,000 kwa mtoto kwa siku, siku 22, ni 176,000. Maji, sabuni na dawa ya kudekia 40,000. Gesi na umeme 40,000. Zinabaki 234,000, ndiyo mshahara wako.

Ongeza wafike 16. Unakusanya 1,280,000, macho yanang'aa. Lakini sasa wasaidizi ni watatu, 450,000. Chakula 352,000. Maji na sabuni 80,000. Gesi na umeme 60,000. Sebule haitoshi, umepanga chumba cha pili kwa 150,000. Toa zote. Zinabaki 188,000. Umezidisha watoto mara mbili, kipato kimepungua, na jioni huwezi kunyoosha mgongo.

Iko hesabu ya tatu, na wanaonipigia simu wanaipiga kimyakimya vichwani: watoto 16, msaidizi yuleyule mmoja, sebule ileile. Hapo zinabaki 638,000. Zinavutia, sikatai. Ila hiyo laki nne na nusu iliyozidi ni mishahara ya wasaidizi wawili ambao hukuwaajiri na kodi ya chumba ambacho hukupanga. Deni hilo wanalilipa watoto. Analilipa yule aliyevaa pampasi moja tangu saa moja asubuhi hadi saa saba mchana. Analilipa mtoto mchanga aliyelazwa na chupa imeegemezwa kwenye mto kwa sababu hakuna mkono wa kumshikia, huku maziwa yakiweza kumpalia wakati wowote. Analilipa mwenye mafua anayenywea kikombe kimoja na wenzake sita.

Halafu mtu ananikaribisha kwa fahari: "Karibu dada, wanangu hawasumbui." Nikiingia saa nne asubuhi kwenye nyumba yenye watoto 16 wa chini ya miaka mitatu nikakuta kimya, sitoi pongezi. Naangalia kabati la dawa. Zaidi ya mara moja nimekuta chupa ya dawa ya mafua, ile inayosinzisha, imebaki nusu, na hakuna mtoto mwenye mafua. Nasema wazi: kumpa mtoto wa mtu dawa ili alale ni kumdhuru. Dawa hizo hazipendekezwi kwa walio chini ya miaka 2 hata wakiumwa, kwa sababu zinaweza kuvuruga pumzi na mapigo ya moyo. Kama nyumba haina dawa, basi kimya kimeletwa na runinga, katuni kuanzia asubuhi mpaka mama anarudi. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019: mtoto ambaye hajafikisha miaka 2 asikalishwe mbele ya skrini kabisa, na kuanzia miaka 2 hadi 4 isizidi saa moja kwa siku. Nyumba ya malezi inayokwenda vizuri ina kelele, mtu anaimba, kuna anayelia na yuko aliyembeba.

Kipimo changu ni hiki, na sikipunguzi kwa mtu: mlezi mmoja kwa wachanga watatu ambao hawajafikisha mwaka, mlezi mmoja kwa wanne wanaotambaa na kutembea mpaka miaka mitatu, akivuka hapo, mmoja kwa saba. Madaktari wa watoto wa Marekani nao wanapendekeza karibu hivyohivyo. Ukibisha, fanya jaribio moja. Jiko la gesi limeshika moto na njia iliyobaki ni mlango wa nyuma. Una mikono miwili. Unatoka na wangapi?

Tena hata kibiashara ishirini hawakai. Kuhara kukiingia kwenye nyumba iliyojaa, kunawapitia wote ndani ya wiki moja. Wazazi wanawatoa watoto bila taarifa, wengine na ada hawajalipa, na habari inafika sokoni kabla yako. Mama mwenye watoto wanane waliotunzwa vizuri ana orodha ya wanaosubiri nafasi. Huyo anaweza kupandisha ada. Wa ishirini hathubutu.

Dhana: Nimelea wangu watano, nitashindwaje na hawa?

Wako ulikuwa na haki ya kuwakosea. Uliwajua tangu tumboni, na hawakuja watano kwa siku moja wakiwa na umri mmoja. Mtoto wa mwenzio anakuja na pumu, au degedege, au karanga zinamvimbisha midomo, na usipouliza hutaambiwa. Omba kadi ya kliniki siku ya kwanza. Tazama kama chanjo ya surua na rubela ya miezi 9 na ya miezi 18 amepata, kwa sababu surua haijui sebule kubwa wala ndogo.

Uzoefu wa nyumbani una makosa yake pia. La kwanza ni kumlaza mchanga kifudifudi ati asipaliwe akicheua. Mlaze chali, kwenye godoro gumu, bila mto wala blanketi zito. Marekani walianza kampeni ya kuwalaza chali mwaka 1994, na vifo vya ghafla vya watoto usingizini vikashuka kwa takriban nusu. La pili ni asali. Chini ya mwaka mmoja, hata tone la kulambishwa, hapana.

Dhana: Ni nyumbani kwangu, usajili ni wa vile vituo vikubwa vyenye mageti ya rangi

Ukipokea watoto wa watu kwa malipo, wewe ni kituo. Malezi ya mchana yamewekewa utaratibu katika Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 na kanuni zake, na maombi yanapitia kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yako. Leseni ya biashara na namba ya mlipakodi haviwi badala ya usajili huo. Wengi wanamwona afisa ustawi kama askari. Mwite mapema, kabla hujapaka rangi ukuta, akuambie choo kirekebishwe wapi. Ni nafuu kuliko kuvunja baadaye. Na mwenye nyumba umwambie kabla ya watoto kufika. Nimeona kituo kikihamishwa katikati ya mwezi kwa sababu alizijua habari kwa kuona msururu wa viatu vidogo mlangoni.

Dhana: Mtoto aachishwe ziwa kwanza ndipo aletwe

Hii inaniudhi kwa sababu wanaoisema ni walezi, si wazazi peke yao. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mama siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo. Wataalamu wa afya wanasema maziwa ya mama pekee kwa miezi 6. Piga hesabu: mtoto anafika kwako akiwa na wiki kumi na mbili, bado miezi mitatu na zaidi. Ukimkataa kwa sababu hanywi uji, unamlazimisha mama aanze uji.

Maziwa yaliyokamuliwa hukaa kwa muda usiozidi saa 4 kwenye chumba chenye nyuzijoto 25 au pungufu, na mpaka siku 4 kwenye friji. Februari ya Dar si nyuzijoto 25, kwa hiyo ingiza kwenye friji yakifika, au kwenye chombo chenye barafu kama umeme umekatika. Andika jina na tarehe kwenye kila chupa. Pasha kwa kuiweka chupa kwenye maji ya moto, usichemshe maziwa. Mkumbushe mama pia kwamba sheria hiyohiyo inampa muda usiozidi saa mbili kila siku wa kunyonyesha wakati wa kazi. Ukiwa karibu na ofisi yake, hiyo ni sababu ya kukuchagua wewe.

Dhana: Bila madaftari na kazi za nyumbani, wazazi watahama

Mtoto wa miaka miwili na nusu anafuatisha herufi za nukta mpaka analia. Ya nini? Vidole vyake bado. Mpe unga wa kukanda, vifuniko vikubwa vya kupanga, maharage ya kuchambua akiwa chini ya jicho lako asije akayatia puani. Mkono utakaoshika kalamu unatengenezwa huko. Elimu ya awali ina umri wake na wizara yake, wewe umesajiliwa kulea. Mzazi akidai daftari, mwonyeshe mtoto akijivalisha viatu mwenyewe. Wengi wananyamaza.

Dhana: Sisi ni majirani, hatuna haja ya kuandikiana

Majirani ndio hasa wa kuandikiana. Ninalo daftari ninalolipigia debe mpaka watu wamenichoka: la kawaida, limetundikwa kwenye msumari mlangoni, na kalamu imefungwa kwa uzi, maana kalamu ya malezi haikai siku mbili. Saa aliyofika. Saa aliyoondoka. Aliyemchukua, na sahihi yake. Alama aliyokuja nayo mwilini, ukaiandika mzazi akiwa bado amesimama, ili jioni lile jeraha la goti lisigeuke la kwako. Dawa aliyoletewa, kipimo na saa. Ukurasa wa nyuma, majina mawili tu ya wanaoruhusiwa kumchukua. Jioni moja alikuja mjomba, mtoto anamjua, mimi namjua, mlezi anamjua. Jina lake halikuwemo. Mlezi alimpa kiti na glasi ya maji, akampigia mama simu. Mama alijibu kwa sauti ya chini: "Usimpe. Nakuja."