Tundu la Kileleni Halikutobolewa na Mtu

Kila baada ya likizo ya Desemba, wanafunzi wangu wa zoolojia hapa Nairobi hunijia na makombe waliyookota Diani au Malindi. Miongoni mwake hakikosi kigamba cha umbo la kofia chenye tundu juu, na hakosi mtu wa kuapa kwamba kimetobolewa na fundi wa shanga.

Hakikutobolewa. Konokono huyu wa bahari, wa jenasi *Diodora*, hukua na tundu lake. Akiwa mchanga huwa ni pengo tu ukingoni mwa gamba. Gamba likikua, pengo hufungika kwa chini, na tundu linalobaki huishia kileleni. Kazi yake ni kubwa. Maji huingia chini ya ukingo, upande wa kichwa, yakapita kwenye matamvua mawili, kisha hutoka juu kwa tundu pamoja na kinyesi. Mkundu wa konokono huyu uko karibu na kichwa; bila tundu hilo uchafu ungemrudia kwenye maji anayopumulia. Unawezaje kuita dosari kitu kinachomweka hai?

Anayesema ni konokono mwindaji aliyetoboa ana hoja kidogo, maana wapo wanaotoboa magamba ya wenzao. Ila hao huacha tundu popote, hata ubavuni. Ninalosisitiza kila mwaka ni hili: pindua gamba kabla ya kubishana. Ndani utaona ukingo mnene umelizunguka tundu, kitu ambacho mwindaji hawezi kuacha.

Wapo pia wanaomwita chaza. Si chaza. Chaza ana magamba mawili na hana kichwa. Huyu ana gamba moja, kichwa, macho na vipapasio. Wala hakugandamana na mwamba milele: hutambaa akitafuta chakula, na spishi nyingi za jenasi hii hula sponji, wanyama wa bahari wenye mwili wa vitundu-vitundu.

Wapo wanaodai kwamba supu yake hutibu saratani; hilo tafadhali tuliache. Maabara hutumia protini ya damu ya jamaa yake mkubwa, *Megathura crenulata*, kuamsha kinga ya mwili. Damu hiyo ni ya buluu kwa sababu ya shaba. Protini husafishwa, ikadungwa kwa sindano. Ukiinywa, tumbo litaimeng'enya kama nyama nyingine yoyote. Tena spishi hiyo huishi pwani ya California hadi Mexico, si kwetu.

Ndani ya hifadhi ya bahari kama Watamu, usiokote hata gamba tupu. Lipige picha nje na ndani, uniletee picha.