Projekta kwenye taa za gari: ni nini hasa, na kuifunga kwenye gari la zamani maana yake nini

Watu wengi wakisikia gari limefungwa projekta, wazo la kwanza ni mwanga mkali. Wanaliona lile jicho la kioo ndani ya taa, wanaona barabara imekuwa nyeupe, basi wanajua projekta ni balbu yenye nguvu. Sivyo. Projekta si balbu. Ni chombo cha kuupanga mwanga, na kazi yake kubwa kuliko zote ni kuukata, yaani kuamua mwanga uishie wapi. Ukilishika hilo moja, kazi nzima ya kuifunga nyumbani kwenye gari la zamani inaeleweka, na unajua pia kwa nini baadhi ya magari "yaliyofungwa projekta" bado yanawafanya wanaokuja mbele wazibe macho kwa mkono.

Tuanzie kwenye taa ya zamani yenyewe. Shika balbu ya H4, ile ya miguu mitatu ambayo magari yamekuwa yakiitumia tangu mwaka 1971, uiinue usawa wa dirisha. Ndani utaona koili mbili. Ya nyuma, karibu na kitako, ni ya fulu, mwanga wa mbali. Ya mbele ni ya dimu, mwanga ulioinamishwa ili usimwumize anayekuja, na chini yake kuna kikombe kidogo cha bati, kidogo kuliko ukucha. Kikombe hicho kinazuia mwanga wa dimu usiangukie nusu ya chini ya riflekta, lile bakuli linalong'aa nyuma ya balbu, kwa sababu ukiangukia huko utarudishwa juu, moja kwa moja kwenye macho ya watu. Kwa hiyo dimu ya H4 hutumia nusu ya juu tu ya riflekta. Kioo cha mbele chenye mifereji na vipande vilivyochongwa ndicho kinachomalizia, kinautandaza mwanga kushoto na kulia.

Ni ubunifu mzuri, lakini una sharti: mwanga lazima uanzie palepale koili ilipo, na uwe na umbo lilelile la koili. Riflekta ilichongwa kwa ajili ya koili hiyo ya milimita chache. Ukichomeka mle balbu ya zenoni (isiyo na koili, inayowaka kwa cheche ndani ya gesi) au ya LED, chanzo cha mwanga kinakuwa na umbo jingine, mara nyingi na mahali pengine, na riflekta haina namna ya kujua. Ukutani utaona doa kubwa jeupe lisilo na ukingo. Dereva anaona mwanga umejaa mbele ya bampa, anaridhika. Mita sitini mbele hajaongeza kitu cha maana, na aliye upande wa pili wa barabara kwa sekunde kadhaa haoni hata mtembea kwa miguu. Mimi hili linaniuma. Anayefanya hivyo wala hana nia mbaya, anataka tu kuona usiku.

Projekta inafuata njia nyingine. Nyuma kuna bakuli linalong'aa, dogo, lenye umbo la duaradufu. Duaradufu ina fokasi mbili, yaani nukta mbili maalumu ndani yake, na mwanga unaoanzia kwenye moja hukusanyika kwenye ya pili. Balbu inakaa kwenye fokasi ya kwanza. Kwenye ya pili, pale mwanga ulipobanwa, limesimamishwa bati jembamba ambalo ukingo wake wa juu umekatwa kwa makini, tuliite pazia. Mbele yake ipo lenzi nene, bapa kwa nyuma na iliyotuna kwa mbele. Lenzi inachukua picha ya ukingo wa pazia na kuitupa barabarani, na neno projekta linatoka hapo: ni mtambo wa kutupa picha, na picha yenyewe ni mstari.

Kuna jambo huwachanganya wanaofungua projekta kwa mara ya kwanza. Wanakuta pazia liko chini, wakati mwanga tunaotaka kuuzuia ni wa juu. Lenzi ya namna hii hupindua picha. Chukua lenzi ya kukuzia maandishi, isogeze karibu na ukuta ulio mkabala na dirisha, utaliona dirisha ukutani limesimama kichwa chini. Hivyo pazia likiziba nusu ya chini, giza linatokea juu.

Mstari huo wa mkato haunyooki wote. Kwenye projekta nyingi upande mmoja umelala sawasawa, na upande wa pili unapanda kama ngazi, ili kumulika vibao na watu walio kando ya barabara bila kumgusa anayekuja. Kwenye nchi zinazoendesha upande wa kushoto, ngazi inapanda kushoto. Zinazoendesha kulia, inapanda kulia. Hapa ndipo pesa nyingi hupotea: mtu ananunua projekta nzuri kabisa zilizotolewa kwenye gari la upande mwingine wa dunia, anazifunga vizuri, na ngazi inapanda kwenye uso wa anayekuja mbele. Ulizia kabla ya kununua. Zipo projekta ambazo pazia lake linabadilika, na zipo ambazo halibadiliki.

Projekta za awali zilikuwa na kazi moja tu, dimu, na fulu ilikaa kwenye taa nyingine pembeni. Zile ambazo watu huzifunga siku hizi kwenye taa ya H4 hufanya zote mbili. Ndani yake kuna sumaku ya umeme inayovuta pazia. Ukipiga fulu unasikia "tak", pazia linalala, na nusu ya juu ya barabara inafunguka. Balbu ni ileile moja, haizimi.

Sasa balbu. Koili ya dimu ya H4 hula wati 55 na kutoa takriban lumeni 1000 (lumeni ni kipimo cha wingi wa mwanga). Balbu ya zenoni ya D2S, ambayo imetengenezwa mahsusi kwa projekta, hula wati 35 na kutoa takriban lumeni 3200. Ndiyo maana projekta na zenoni zimezoeana. Zenoni zenyewe zilianza kuuzwa kwenye gari mwaka 1991, BMW 7 Series. Lakini ziheshimu: kuiwasha, balasti, kile kisanduku kinachoipa balbu umeme wake, hupiga msukumo wa umeme unaozidi volti 20,000, kwa hiyo betri ichomolewe kabla hujagusa chochote. Na kama unafikiria projekta yenye balbu ya kawaida ya halojeni, ujue kwamba pazia linazuia na kupoteza sehemu kubwa ya mwanga. Unaweza kuishia na mstari mzuri na barabara yenye giza kuliko ya mwanzo.

Kwa hiyo "kufunga projekta kwenye gari la zamani" maana yake kamili ni hii: kulifungua ganda la taa, kuiacha riflekta ya zamani ibaki pambo au kishikizo tu, na kuweka ndani yake mfumo mwingine mzima wa mwanga, pamoja na balbu, balasti na waya zake. Kubadilisha balbu peke yake ni jambo jingine kabisa.

Kabla ya kufika huko, pima umeme. Weka mita kwenye soketi ya balbu taa ikiwa inawaka, kisha pima betri, ulinganishe. Balbu ya halojeni inayokosa asilimia 10 ya volti zake hupoteza karibu asilimia 30 ya mwanga. Gari la miaka ishirini, lenye waya wembamba na swichi iliyochakaa, linaweza kuwa na tatizo hilo tu. Na kama taa ni ya plastiki iliyogeuka manjano, isugue kwanza. Nimeona magari yanayopona kwa rilei mbili (swichi zinazowashwa kwa umeme) na waya mnene.

Ukiamua kuendelea, kikwazo cha kwanza ni gundi. Taa nyingi zimefungwa kwa butili, gundi nyeusi inayolainika kwa joto. Toa balbu zote, skrubu, klipu na mipira, weka taa juu ya ubao kwenye oveni yenye joto la kama nyuzi 110 hadi 120 za Selsiasi kwa dakika nane hadi kumi, isiguse chuma popote. Kisha vaa glavu, ingiza bisibisi bapa kwenye kona na uvute polepole. Butili itanyambuka nyuzi ndefu kama ulimbo, zikitoa harufu ya mpira, na kioo kitaachia upande mmoja, halafu mwingine. Ikianza kugoma, irudishe kwenye joto, usilazimishe. Zipo taa zilizofungwa kwa gundi ngumu isiyoyeyuka kabisa. Hizo hukatwa, na kwa anayejifunza ningesema tafuta taa nyingine ya aina hiyo.

Ndani, usiiguse riflekta kwa kidole wala kuifuta kwa kitambaa. Ule mng'ao ni utando mwembamba mno wa alumini, unabanduka kama vumbi la bawa la kipepeo.

Projekta nyingi za kufunga nyumbani zina shingo yenye nyuzi za skrubu kwa nyuma. Shingo inapita kwenye tundu ilimokaa balbu, na nati inaikaza kutoka upande wa nyuma. Ni rahisi kuisimulia. Ugumu uko kwenye mzunguko: projekta ikizungushwa kidogo tu kabla ya kukazwa, mstari wa mkato unalala upande kama picha iliyotundikwa vibaya. Skrubu za kurekebishia taa zinaweza kuinua, kushusha na kusogeza pembeni, lakini hakuna hata moja inayozungusha. Kwa hiyo rudisha taa kwenye gari ikiwa bado wazi, washa, elekea ukutani, linganisha mstari na kamba uliyoinyoosha kwa pima maji, kaza, angalia tena. Kaza robo mzunguko, angalia tena. Hapa ndipo jioni nzima huenda, na inastahili.

Kioo cha mbele nacho. Kama ni kile chenye mifereji, kitauvuruga mstari wote uliohangaikia. Lazima kiwe laini na angavu, kwa hiyo gari ambalo halijawahi kuwa na kioo cha hivyo huenda lisifae kazi hii hata kidogo.

Upande wa waya, usichukue umeme wa balasti kwenye waya za zamani. Zenoni inapoanza kuwaka hula umeme mwingi kwa sekunde chache kuliko wati 35 zinavyoonyesha. Chukua umeme kwenye betri, kupitia fyuzi na rilei, na waya za zamani zibaki kutoa amri tu. Magari mengi ya zamani ya Kijapani hukata upande wa hasi, siyo chanya. Pima kwanza usije ukashangaa fulu na dimu zimegeukiana.

Ukifunga tena, tumia butili mpya. Usitumie silikoni inayonuka siki: mvuke wake hushambulia ule utando wa alumini. Kama ulitumia epoksi popote ndani, iache ikauke kabisa kabla ya kuziba, la sivyo mvuke wake utaganda kwenye kioo kama ukungu usiofutika. Na usizibe vitundu vya kupumulia vilivyo nyuma ya taa, hata kama vinaonekana ni njia ya maji. Taa isiyopumua hutoa jasho.

Kuna sheria pia. Nchi nyingi hukubali taa kama kifaa kizima, ganda na balbu pamoja, na ukiibadilisha ndani kibali hicho kinaweza kufa. Kanuni za Umoja wa Mataifa zinazofuatwa na nchi nyingi zimekuwa zikidai taa za dimu ambazo chanzo chake cha mwanga kinapita lumeni 2000 ziwe na kifaa cha kujisawazisha zenyewe na cha kusafisha kioo. Waulize wakaguzi wa magari kabla ya kununua chochote.

Mwisho kabisa ni kulenga. Tafuta ardhi tambarare na ukuta, upepo wa matairi uwe sawa, mtu akae kwenye kiti cha dereva. Pima urefu kutoka ardhini hadi katikati ya lenzi. Simamisha gari mita 10 kutoka ukutani, na ushushe sehemu iliyolala ya mstari sentimita 10 chini ya urefu huo: lenzi ikiwa sentimita 65, mstari uwe 55. Projekta hufanya kosa dogo la kulenga lionekane sana, kwa sababu juu ya mstari ni giza na chini yake ni mwanga wote. Ukishalenga, pakia watu nyuma, jaza buti, urudi palepale uangalie mstari umepanda kiasi gani.