Kiraka kinachoongeza kasi ya seva: kinaongeza wapi?

Ukiambiwa kuna kiraka kinachoongeza kasi ya seva ya wavuti, uliza kwanza: kwenye mfumo endeshi upi? Kiraka ni msimbo mchache unaoshonewa kwenye programu iliyopo. Kukipima ni kuiendesha seva ile ile bila kiraka, kisha nacho, kwenye mashine ile ile na kwa mzigo ule ule, bila kugusa kitu kingine.

Lazima jaribio lirudiwe kwenye kila mfumo kwa sababu kazi kubwa ya seva hufanywa na kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi. Kupokea muunganisho, kusoma faili, kutuma data, vyote seva huviomba huko, na kila kerneli ina mambo yake.

Chukua nginx, programu maarufu ya seva ya wavuti. Toleo 1.9.1 la mwaka 2015 lilileta chaguo la reuseport, mfano mzuri wa badiliko la aina hii. Kabla yake, michakato yote ya seva iligombea miunganisho kwenye soketi moja (kituo cha kupokelea miunganisho), kama bodaboda kumi wanaomkimbilia abiria mmoja aliyeshuka kwenye basi. Kwa reuseport kila mchakato una soketi yake kwenye mlango (port) ule ule, na kerneli ndiyo inayogawa abiria. Linux inaliweza hilo tangu kerneli 3.9 ya mwaka 2013. FreeBSD, mfumo endeshi mwingine, nayo ilikuwa na SO_REUSEPORT (jina la uwezo huo ndani ya kerneli) kwa miaka mingi, ila yake haikugawa mzigo. Ugawaji ulikuja na FreeBSD 12, tena kwa jina jingine, SO_REUSEPORT_LB. Aliyepima Linux peke yake na kutangaza kwamba reuseport inaongeza kasi alikuwa amesema nusu ya habari.

Kipimo chenyewe si kigumu, unatumia wrk, programu inayoimwagia seva maombi:

wrk -t4 -c200 -d30s http://10.0.0.2/

Yaani nyuzi 4, miunganisho 200, sekunde 30. Iendeshe kutoka mashine nyingine, la sivyo kipimaji na seva vitanyang'anyana prosesa. Mzunguko wa kwanza utupe, maana faili bado hazijaingia kwenye kumbukumbu. Kisha pokezanisha: bila, nacho, bila, nacho, angalau mara tano kila upande. Ikiwa matokeo ya bila kiraka yenyewe yanapishana kwa asilimia 5, ongezeko la asilimia 3 si ongezeko. Na usichukue namba ya Linux ukaishindanisha na ya FreeBSD. Huo ni mjadala mwingine, na hauishi. Linganisha tofauti ndani ya kila mfumo.

Ongeza --latency (muda wa kusubiri jibu) kwenye amri hiyo, utazame mstari wa 99%, yaani muda ambao maombi 99 kati ya 100 yalijibiwa ndani yake. Wengi huishia kwenye idadi ya maombi kwa sekunde, na hapo reuseport inaweza kukuficha jambo: mchakato mmoja ukikwama kwenye diski, miunganisho iliyokwisha kupangiwa soketi yake inausubiri huo huo, hata wenzake wakiwa wamekaa bure. Bodaboda amepata pancha, na abiria wake hawaruhusiwi kupanda nyingine.