Je, wajua kwa nini kasa wa Udo hurushiwa udongo?

Mahekalu mengi ya Shinto, dini ya jadi ya Wajapani, huyafikia kwa kupanda ngazi. Hekalu la Udo Jingu, nchini Japani, hulifikia kwa kushuka. Liko ndani ya pango, kwenye genge la bahari huko Nichinan, kisiwani Kyushu, na mawimbi yanapiga miambani chini yake. Mbele ya pango utawakuta watu wazima wameegemea ukingo, kila mmoja na vidonge vyake vitano vya udongo, wanaulenga mwamba mmoja kule chini. Wanaume hurusha kwa mkono wa kushoto, wanawake kwa wa kulia. Kwa hiyo wanaume wengi hukosa, na hapo ndipo vicheko huanza.

Mwamba huo una umbo la kasa. Mgongoni pana kishimo kilichozungushiwa kamba nene, ile ambayo Wajapani huitumia kuonyesha mahali patakatifu. Kidonge kikitumbukia humo, inaaminika ombi lako litakubaliwa.

Kasa mwenyewe ana kisa chake. Hoori, mwindaji wa milimani, alipoteza ndoana ya kaka yake, akaitafuta hadi jumba la mungu wa bahari, na huko akamwoa Toyotama-hime, binti wa mungu huyo. Siku za kujifungua zilipokaribia, binti akaja pwani amepanda kasa. Inasemekana kasa huyo ndiye aliyegeuka jiwe. Binti akajengewa kibanda cha kuezekwa kwa manyoya ya mnandi, lakini uchungu ukamshika paa halijakwisha, ndiyo maana mtoto akapewa jina refu la Ugayafukiaezu, lenye habari yote ya paa hilo ndani yake. Mama alimkataza mumewe asichungulie. Akachungulia (waume wa hadithi hawasikii!), akamwona mkewe katika umbo la mnyama wa baharini. Kwa aibu, mama akarudi kwao majini, ila, wasema wenyeji, alimwachia mwanawe matiti yake kwenye ukuta wa pango. Maji hudondoka hapo hadi leo, na peremende zinazotengenezwa kwa maji hayo huuzwa papo hapo. Mtoto huyo ndiye anayeabudiwa Udo. Mwanawe, Jimmu, anahesabiwa katika masimulizi ya Kijapani kuwa mfalme mkuu wa kwanza wa nchi hiyo.

Udongo, kwa upande wake, hautoki kwenye hadithi hata kidogo. Zamani wageni walimrushia kasa sarafu. Watoto wa kijijini wakawa wanateremka miambani kuziokota, na bahari ya pale haina mzaha. Mwaka 1954 vidonge vikachukua nafasi ya sarafu. Huitwa undama, na kila kimoja kimegongwa herufi yenye maana ya bahati. Waliopewa kazi ya kuvifinyanga? Watoto wa shule ya msingi ya hapo hapo.