Acheni Kusingizia Valvu

Ampu kuukuu ya gitaa ikianza kukoroma, Nairobi nzima ina jibu moja: "Valvu zimekwisha, agiza mpya." Basi mtu anaagiza jozi ya EL84, valvu za nguvu (taa za kioo zinazosukuma spika), analipa ushuru, anazichomeka. Muda si muda doa jekundu linatokea kwenye bati la kijivu la anodi, linatambaa hadi bati lote linawaka. Anasema ameuziwa feki. Valvu haina kosa!

Mkosaji mara nyingi ni kapasita ndogo iliyo kabla ya gridi ya valvu ya nguvu, yaani waya wa ndani unaodhibiti mkondo. Kazi yake ni kupitisha sauti na kuzuia volti mia na ushei za DC (umeme wa mwelekeo mmoja). Ikizeeka huvuja, na volti chache tu chanya zikifika kwenye gridi, valvu hupitisha mkondo kupita kiasi mpaka inajiunguza. Hata ukiweka mpya kumi, zote zitaungua.

Kupima ni rahisi, na inaniudhi kwamba watu hawapimi. Chomoa valvu za nguvu, washa ampu, multimita iwe kwenye DC, ncha nyeusi kwenye chesisi (fremu ya chuma ya ampu), nyekundu kwenye tundu la gridi: pini ya 2 kwa EL84, pini ya 5 kwa valvu za 6V6, 6L6 na EL34. Mkono mmoja ukae mbali, humo ndani mna volti zaidi ya 300. Ampu yenye bayasi ya kathodi (valvu hujizuia yenyewe, gridi haipewi volti) isome sifuri. Ikisoma nusu volti chanya na inazidi kupanda, ng'oa kapasita hiyo pamoja na pacha wake, weka za filamu za volti 630, thamani ileile. Bayasi ya kudumu (gridi hupewa volti hasi ya kuizuia valvu) isome hasi, 6V6 kama -35, 6L6 kama -50, na pande zote mbili zilingane.

Mvumo nao usikilizwe kabla ya kununua chochote. Stima yetu ni 50 Hz, kwa hiyo kapasita za kuchuja, zile kubwa zinazolainisha umeme wa DC, zikichoka utasikia 100 Hz, juu kidogo ya G ya waya wa sita, freti ya tatu. Ukisikia oktavu moja chini yake, tafuta kwenye nyaya za hita (zinazopasha valvu joto) au ardhi.

Kapasita hizo za kuchuja badilisha zote. Wengine huziamsha kwa kupandisha volteji polepole. Baadhi hushika, baadhi hufa baada ya wiki chache, na kwa kuzitazama tu siwezi kukuambia ipi ni ipi. Kabla ya kugusa, zimwage umeme kwa rezista ya kilo-omu 10, wati 5, kisha pima.

Ampu ya Marekani ya volti 120 inahitaji transfoma ya kushusha, lakini hiyo haigeuzi 60 Hz. Transfoma ya ndani itapata joto zaidi kwa stima yetu, hivyo iguse baada ya saa moja. Kama ina waya wa pini mbili, weka wa nyaya tatu, ardhi ifungwe kwa boliti kwenye chesisi, na uondoe kapasita inayounganisha laini ya stima na chesisi. Hiyo huua watu.

Washa mara ya kwanza kupitia balbu ya wati 60 iliyofungwa mfululizo, ile ya zamani ya waya, si LED. Ikiwaka kwa nguvu kisha ikafifia, endelea. Ikibaki kali, zima. Na valvu utakazochomeka ziwe zilezile kuukuu.